Kindi Ndani ya Gogo la Ngoma

Luhende wa Igoma ni fundi wa ngoma. Si vingoma vya kuuzia watalii. Ni ngoma kubwa za Kisukuma, zile zinazobebwa na watu wawili.

Ana mazoea yake. Akifika msituni, hugonga mti kwa mgongo wa shoka. Ukilia "du," una uwazi ndani. Huo ndio anaoutaka, kwa sababu nusu ya kazi ya patasi imeshakwisha. Kijiji chenye msitu humpa kibali bila shida. Wanasema miti hiyo ni mibovu.

Jumamosi asubuhi alikuwa uani na mkewe, Odeta. Gogo jipya lilikuwa limeletwa jana yake kwa lori kutoka msitu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Luhende alilibingirisha. Tundu lililokuwa limelala chini likawa juu. Akapiga patasi mara moja tu.

Mnyama akachomoka! Manyoya tele, macho makubwa. Alikwea nguzo ya kibanda mpaka juu, akajirusha. Ngozi ikatanda kati ya mikono na miguu yake. Akaelea juu ya kichwa cha Odeta na kutua kwenye mparachichi wa jirani.

"Yesu wangu!" Odeta alipiga kelele. Sufuria ikamtoka mkononi. "Baba Hellen, panya anaruka!"

"Huyo si panya," alisema Luhende. "Huyo ametumwa." Akaokota jiwe.

"Luhende! Weka jiwe chini!"

Alikuwa mwenye mparachichi, Mama Teodora, bwana misitu mstaafu. Ndiyo, bwana misitu ni mwanamke, na hakuna aliyewahi kubishana naye.

"Shikamoo mama. Lakini umemwona?"

"Marahaba. Nimemwona, na mimi moyo unanidunda. Miaka thelathini kazini, nimemwona mara mbili tu. Ni kindi wa msituni, yule anayeelea. Mchana hulala ndani ya mti. Chini ya mkia ana magamba, anashikia gome asiteleze. Uchawi uko wapi hapo?"

Odeta alikuwa anachungulia gogoni. "Mungu wangu. Kuna mtoto humu."

Wote waliinama kutazama. Kilikuwa kitoto kimoja, kimejikunja. Patasi ilikuwa imepita kiganja kimoja tu kutoka kichwani pake.

"Kwa kawaida huzaa mmoja tu," alisema Mama Teodora. "Na hawezi kujichongea nyumba. Anategemea mti mzee wenye uwazi. Uwazi kama huo huenda ulianza kabla hujazaliwa."

"Wamebaki wangapi?" aliuliza Luhende.

"Hapo ndipo ninapoogopa. Katika msitu ule hakuna aliyewahesabu. Wanaweza kwisha na sisi tusijue."

Luhende aligeuka, akatazama ngoma zilizopangwa ukutani. Zilikuwa kumi na moja. Zote zilitoka kwenye miti yenye uwazi.

"Magogo mengine niliyawashia moto ndani," alisema polepole, "ili nichonge upesi. Mama, sikuwahi kuchungulia."

Akaketi chini kwenye vumbi. Odeta alijifunika uso kwa kanga, akalia.

Mama Teodora aliwapigia simu maofisa wa wanyamapori. Alikataza mtu yeyote asimguse mtoto. Uani pakawa kimya siku nzima. Giza lilipoanza kuingia, mama kindi alielea tena mpaka gogoni, akaingia kwa mwanawe. Maofisa waliziba tundu kwa gunia la kupitisha hewa. Wakalirudisha gogo msituni na kulifunga juu ya mti mkubwa.

Luhende hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji kile chenye msitu, akasimulia yote, hata habari ya moto. Watu walishika vichwa. Siku hiyohiyo walikubaliana: mti wenye uwazi unapakwa rangi nyeupe na haukatwi.

Sasa anachonga miti ya kupandwa, iliyojaa mpaka katikati. Ngoma moja inamchukua wiki tatu badala ya moja. Mikono ina malengelenge na ananung'unika sana. Lakini ngoma zinalia vizuri.

Mwezi uliopita alikwenda na kamati ya kijiji kukagua miti. Kwa mazoea, akagonga mti mmoja usio na rangi. "Du." Kichwa chenye macho makubwa kikachomoza juu, kimejaa usingizi. Luhende alishtuka, shoka likamponyoka.

"Samahani," akasema. "Sikujua mpo."

Akaenda kuchukua rangi.