Waliokuwepo Siku ya Barafu

Norbert Delvaux alifariki Jumanne, katika wiki ambayo timu ya mji wao ya kandanda ya Kimarekani haikuwa na mechi. Msibani watu wa Green Bay, mji wa baridi kali huko Marekani, walisema hata kufa kwake kulikuwa na adabu: hakumkosesha mtu mchezo. Bintiye Lorna, aliyezoea kukaa naye uwanjani, alirithi nafasi zote mbili kwenye benchi la watazamaji. Ile ya baba akaiacha wazi.

Desemba theluji ilipofunika uwanja, klabu iliwaita wananchi waje kuzoa, kama kawaida. Watu walifurika na makoleo. Lorna alivaa koti la kijani la marehemu, lililomfika magotini. Mara koleo zima la theluji likamwangukia kisogoni.

"We kaka! Unazoa au unanizika?"

"Samahani, dada. Nimeona koti tu, sikujua lina mtu ndani."

Huyo alikuwa Curtis Skenandore, Muoneida, mmoja wa wenyeji wa asili wa huko, mwenye mabega mapana, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Kufika mchana walikuwa wanazoa safu moja. Kufika Krismasi walikuwa wanaitana mpenzi.

"Watu wanasema unalitaka benchi langu," Lorna alimtania kwenye simu. Nafasi zile hurithiwa ndani ya ukoo. Wengine hungoja kwenye foleni mpaka wanazeeka.

"Benchi la chuma, baridi hivyo? Nakutaka wewe. Benchi kaa nalo."

Hata hivyo nafasi ya baba hakumpa, na Curtis hakuiomba.

Ijumaa moja walikuwa baa wakila samaki wa kukaanga, meza zote zimejaa. Lorna akasimulia ile fainali ya mwaka 1967, timu iliponyakua ubingwa katika baridi iliyogandisha filimbi kwenye midomo ya waamuzi. Baba yake alikuwepo, mtoto wa miaka tisa, kope zimeshikana kwa barafu.

Curtis akacheka. "Mpenzi, kila mzee wa mji huu alikuwepo siku ile. Wangekuwepo kweli, uwanja ungepasuka."

Meza ya jirani ikaangua kicheko. Lorna akaweka uma chini, akavaa koti, akatoka.

Curtis alipiga simu mpaka ikapokelewa.

"Nilikuwa natania tu, Lorna."

"Umemwita marehemu mwongo mbele za watu. Nenda katanie na mahasimu wetu wa Chicago!"

Akakata.

Jumapili Lorna alikwenda kwa Shangazi Verna, dada mkubwa wa Norbert. Akamkuta anakoroga sufuria la buya, supu ya kuku ya ukoo wao. Akamweleza yote huku analia. Shangazi akaendelea kukoroga.

"Huyo kijana hana adabu," akasema mwishowe. "Lakini Norbert hakwenda, mwanangu."

"Shangazi!"

"Alikuwa anaumwa kifua. Tiketi yake nikapewa mimi. Tulimwacha hapa jikoni na redio."

"Mbona miaka yote hukusema?"

"Niliporudi akanitaka nimsimulie. Kesho yake tena. Majira yote ya baridi, kila siku nimsimulie. Mwisho akaijua mechi ile kuliko mimi. Mimi niliyekuwepo nakumbuka miguu yangu tu ilivyouma. Basi siku moja nikamsikia anawasimulia wenzake shuleni, uso unang'aa. Nikamwachia."

Lorna akatoka barazani, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mteja, nimekumbatia boila."

"Hakuwepo, Curtis."

Lorna akamsikia akiweka spana chini.

"Mbona husemi, 'Nilikwambia'?"

"Kwa sababu nilikosa. Ningemkuta hai, ningemwomba anisimulie, basi."

Lorna akafuta macho kwa mkono wa koti. "Jumapili ijayo tunacheza nyumbani. Njoo ukae kwenye nafasi yake."

"Watu watasema nimekupendea benchi."

"Walishasema. Na ukitaka liwe lako kabisa, lazima uwe wa ukoo."

"Ngoja kwanza. Unaniposa?"

"Nakueleza kanuni za klabu."

"Basi mwambie shangazi yako nakuja leo, nikimaliza hili boila. Nina maneno rasmi."

Alifika jioni, mikono bado ina masizi, akasema maneno yake mbele ya sufuria. Shangazi Verna akampa bakuli.

Sasa Curtis hukaa kwenye nafasi ya Norbert. Na mtu akimuuliza Lorna habari za siku ya barafu, humjibu kwamba aliyekuwepo ni shangazi yake.