Vidole Kumi vya Mguu Mmoja

Walikutana kwenye foleni ya kutoa kopi, mlangoni mwa chuo cha uuguzi, wiki ile ambayo kila mwanafunzi hukumbuka ghafla kwamba kuna mtihani. Msichana alikumbatia kurasa arobaini za miguu ya wagonjwa wa kisukari, zote zimepigwa mistari ya wino mwekundu. Kijana aliyekuwa mbele yake hakubeba kitu ila manukato. Koti lake jeupe lilinyooshwa hata inzi angetua begani angeteleza.

"Dada, hizo kurasa unazisoma au mmechumbiana?"

"Na wewe kaka, unasomea uuguzi au udobi?"

Foleni nzima ilicheka. Kijana naye akacheka, na balaa lilianzia hapo, kwa maana alikuwa na kicheko kizuri, na kicheko kizuri kimewaponza wenye akili kumzidi huyu binti. Kopi hazijapoa, namba ya simu imeshatoka. Akambatiza msichana jina la Swali. Naye akambatiza Pasi.

"Swali wangu, umekula?" Simu ya kila mchana.

"Nimekula. Wewe umesoma?"

"Nimekuwaza."

"Hilo halitoki kwenye mtihani, mpenzi."

Swali alimdharau kidogo na kumpenda sana. Mchanganyiko huo hakuna kabati la dawa linalothubutu kuuweka.

Kisha wakapangiwa mazoezi katika wodi moja, Pasi asubuhi, akitangulia kwa siku nne, Swali mchana. Kwenye kitanda cha dirishani alilala fundi cherehani mmoja, mzee wa utani, ambaye kisukari kilimkata mguu wa kushoto mwaka uliopita. Ulibaki wa kulia. Kazi ya kila zamu ilikuwa moja na haihitaji digrii: ushike unyayo usikie joto, utafute mapigo ya damu, uchungulie katikati ya vidole, uandike kwenye kadi.

Siku ya kwanza ya zamu yake, Swali alifungua kadi akakuta mwandiko mzuri wa mpenzi wake, siku nne mfululizo: *Miguu yote miwili ina joto. Mapigo yapo. Vidole kumi, hakuna kidonda.*

Akatazama kadi. Akatazama kitanda. Akahesabu vidole vya mzee, vitano. Akarudia kuhesabu, asije akamwonea mtu.

"Mzee wangu, yule kijana wa asubuhi huwa anaukagua mguu wako?"

"Yule wa manukato? Ana adabu sana! Husimama pale mlangoni, 'Shikamoo mzee, mzima?' Nami namjibu mzima."

"Ameandika una vidole kumi."

Mzee alicheka hadi kitanda kikalia. "Kumi! Basi muulize mguu wangu wa kushoto yuko nao wapi, maana kiatu chake nilikigawa kwa pupa!"

"Naomba ruhusa niuguse huu uliobaki."

"Uguse, mwanangu. Hata ukiuchoma sindano sitajua, umekufa ganzi siku nyingi."

Akavaa glovu, akapiga magoti, akatenganisha vidole. Kati ya kidole cha nne na cha mwisho palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya haragwe, ukingo wake mweusi, na harufu aliyokuwa ameisoma tu kitabuni.

"Umeona nini?" Utani ulikuwa umemtoka mzee.

"Kuna kidonda. Namwita sista."

"Mwanangu, cherehani yangu ni ya miguu. Wakiukata na huu, nitaikanyaga na nini?"

Sista wa wodi akaja, daktari akaja, kidonda kikasafishwa, dawa ikaanza. Kama mguu utabaki, tutajua baada ya siku tatu, daktari akasema. Swali aliingia chooni akalia dakika nne, akanawa uso, akatoka. Simu ikaita.

"Mpenzi, nasikia sista ataipitia kadi ya fundi kesho asubuhi. Itoe ile karatasi, andika nyingine. Mwandiko wangu unaujua."

"Niitoe?"

"Kwani nani hapiki takwimu? Wote tunapika."

"Wewe hukupika, umeunguza! Hata mwongo anayejiheshimu angehesabu miguu kwanza."

"Nilikuwa nawahi kukuona getini, Swali wangu."

"Usinitie kwenye uchafu wako. Koti unalipiga pasi mbele na nyuma, mguu wa mtu unausalimia mlangoni! Karatasi haitoki. Kamwambie mzee, kamwambie sista, kwa mdomo wako. Ukimaliza, ndipo ujue kama namba hii bado inaita."

Akakata. Siku mbili zilizofuata hakuwa na zamu; akazisusa simu zake zote, na kila ilipoita, moyo ulimruka kama mjinga.

Siku ya tatu aliingia wodini akasikia vigelegele. Wageni wa kitanda cha pili walikuwa wamesimama, mmoja kajishika kifua, wakitazama dirishani. Pasi alikuwa amepiga goti.

"Karibu, mwanangu!" fundi alipaza sauti. "Hawa wanadhani ni posa. Nimewaambia ndiyo, ila anauposa mguu!"

"Daktari amesemaje, mzee?"

"Unabaki! Kidonda kinafunga. Na huyu alikuja juzi akaniambia yote, hata kunitazama hawezi. Nikamtukana mpaka pumzi ikaniishia. Kisha nikamwonyesha mguu ulipo."

"Na sista?"

Pasi alijibu bila kuinua kichwa, kidole kikiwa bado juu ya unyayo, midomo ikihesabu mapigo. "Narudia mazoezi yote, tangu mwanzo. Wewe utamaliza chuo kabla yangu." Akaandika kwenye kadi, na Swali akachungulia begani: *Mguu mmoja, wa kulia. Vidole vitano.*

"Hongera. Umejua kuhesabu."

"Swali wangu," akasema, bado yuko chini, "kwa kuwa nimeshapiga goti, na watu wameshapiga vigelegele... mkono wako je?"

Msichana aliitazama suruali nyeupe ya Pasi. Mstari wa pasi ulikuwa umekufa kabisa pale gotini, na palikuwa na doa la dawa ya kidonda. Hakuwahi kumwona amependeza namna ile.

"Umetoka kushika kidonda," akamwambia. "Kanawe kwanza, ndipo uniombe."

Pasi alikimbilia sinki.

"Kwa sabuni!" mzee akamfokea. "Na vidole vyote kumi!"