Uso Uliopakwa Masizi

Nina digrii ya Fine Art, Second Upper, na sina kazi. Kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini huku Saudia, alishanifuta. Napanga chumba Ghulail, Jeddah, nikikula madharau. Kwa hivyo Risper, binti ya shangazi yangu, mfanyakazi wa nyumbani huko Riyadh, aliponitumia picha asubuhi moja baada ya kuosha vyombo, nilijiona profesa.

Ilikuwa picha ya zamani iliyochorwa kwa rangi, ukutani mwa majlisi, sebule ya wageni ya bosi wake. Mama mkulima ameinamia jembe. Uso mweusi tii.

"Bro, ni nani huyu?"

Nilijua. Aliichora Mfaransa mmoja wa karne ya kumi na tisa, aliyechora wakulima walivyo, jasho na matope. Hata lecturers wetu hawakumjua. Mimi nilimsoma kwenye katalogi kuukuu, na chini ya picha hii iliandikwa wazi: mama huyo alifia shambani akichimba kumtafuta mwanawe, mchoraji akaupaka uso wake pichani masizi, akakataza usifunuliwe kamwe.

Nikamwandikia Risper: "Ni uchafu tu. Futa polepole na pamba na mate."

"Madam amesema nisiguse."

"Madam amesomea sanaa? Yalla, futa!"

Nilitaka kuwa wa kwanza kuupost uso huo mtandaoni. Walioninyima kazi waone.

Siku ya tatu uso ukatoka. Macho hayakuangalia jembe. Yalimwangalia aliyekuwa akifuta.

Niliupost. Likes kumi na moja.

Kesho yake adhuhuri akapiga simu Wesley, Mkenya mwenzetu, mlinzi wa geti kwa bosi wa Risper.

"Ndugu, kuja. Risper analima."

"Analima nini? Hapo si ni mchanga?"

"Na kijiko. Kwa hili jua. Nikimvuta hasikii."

Nyuma yake nikasikia mnong'ono wa Risper. "Ngoja nimalize mstari."

Nilipanda basi la usiku hadi Batha, Riyadh, nikakimbilia nyumba hiyo. Madam alikuwa getini, analia. "Halas, basi! Mchukue!" Akanirushia ikama ya Risper, kibali chake cha kuishi nchini. Risper alikuwa amekauka midomo. Vidole vyake havikuwa na kucha.

Nikarudi naye chumbani kwangu Ghulail. Alilala siku mbili, mimi kwenye mkeka kando ya kitanda.

Jioni ya pili Wesley akatuma picha. Alikuwa akifukia shimo mwisho wa mstari alioulima Risper. Ndani, kiatu cha mbao. Cha mtoto. Kimejaa matope meusi, mabichi.

Riyadh mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka uanze.

Risper akachungulia begani mwangu.

"Kaka, wewe ndiye umesoma. Ulijua?"

"Sikujua."

Akatikisa kichwa taratibu. Akanong'ona, "Yule mama anasema bado kiatu kimoja."

Nikaizima simu.

"Na anasema ulijua."

Akageukia ukuta, akalala.

Asubuhi nikakunja mkeka wangu. Simiti chini yake ilikuwa imelimwa. Mstari mmoja, umenyooka, kutoka miguuni hadi pale nilipolaza kichwa.