Umeme Haubaki Mwilini

Dominika na mumewe Alois walilima mahindi na ulezi huko Kasense, karibu na Sumbawanga mjini. Siku hizo wafanyabiashara walikuwa wameanza kuleta malori yao mpaka vijijini kununua mahindi. Kwa hiyo watu walipalilia hata wingu likiwa jeusi. Alois naye hakutaka kupitwa. Radi ikampiga akiwa ameshika jembe.

Alianguka kifudifudi. Dominika alitaka kumshika, majirani wakamzuia. Walisema radi ile imetumwa, na atakayemgusa Alois kabla ya mganga kufika itamrudia yeye. Basi Dominika akakaa hatua tatu kutoka kwa mumewe, akimtazama tu. Mganga alipofika, mwili wa Alois ulikuwa umeshapoa.

Mwaka uliofuata, Leonsi, mtumishi wa idara ya hali ya hewa, alitembelea darasa la watu wazima alikosoma Dominika. Alichora ubaoni roketi ndogo, ya urefu wa mtu. Akaeleza kuwa katika nchi nyingine wataalamu huirusha mpaka ndani ya wingu, ikiwa na chombo cha kupima umeme. Chombo hicho hutuma vipimo chini kwa redio. Vipimo huonyesha jinsi umeme unavyojaa winguni, chembe za barafu zikigongana.

Dominika alinyoosha mkono.

"Hicho chombo kimewahi kumwona anayeituma radi?"

"Hapana, mama. Kinaukuta umeme tu."

"Na mtu akishapigwa, umeme unabaki mwilini?"

"Haubaki hata kidogo. Mshike hapohapo. Kama hapumui, msukume katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, bila kuacha. Wengine hupona."

Dominika akainamia daftari. Hakuandika neno lingine siku ile.

Tangu hapo, kama Leonsi alivyowaagiza, wanadarasa wakisikia ngurumo waliacha majembe, wakaingia ndani ya nyumba, si chini ya mti. Lakini jirani yao Scola hakuwa akisoma. Mwezi wa tatu radi ilimpiga akitoka kisimani. Watu wakasimama mbali.

Dominika alipenya katikati yao, akapiga magoti, akaona Scola hapumui, akamsukuma kifuani. Alihesabu kwa Kifipa mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha Scola akakohoa, akavuta pumzi.

Watu walimbeba Scola kumpeleka hospitali, wakishukuru Mungu njia nzima. Dominika alibaki ameketi kwenye tope, akimlilia Alois, maana kazi ya kusukuma kifua ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.