Kijiti Mdomoni mwa Gobore

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Felista alimpelekea baba yake uji kwenye dungu la shamba la kijiji, nje kidogo ya Sepuka. Mzee Mughwai ndiye aliyelinda mtama wa wote dhidi ya nguruwe pori, na silaha yake ilikuwa gobore alilorithi. Lakini gobore lenyewe lilikuwa limeanza visa. Ukilenga kulia linapiga kushoto, na kifyatulio kimelegea mno, kinaachia hata hujakigusa sawasawa. Wiki ile lilikuwa kwa fundi, na Mughwai alibaki juu ya dungu akipiga debe kuwatisha nguruwe.

Fundi huyo, Mzee Alute, ndiye aliyemkosesha Felista raha. Alikuwa amehamia kutoka Rungwa kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa, na maneno yake yalikuwa machache.

"Huyo ana lake jambo," rafiki yake Elina alimnong'oneza. "Umewahi kumwona anacheka?"

Ebo! Tangu lini kutocheka kukawa kosa? Lakini Felista aliamini.

Siku moja akitoka shule, alichungulia uani kwa fundi. Akamwona Alute anamimina maji katika mtutu wa gobore la baba, analitikisa, yanatoka maji meusi. Kisha akachonga kijiti cheupe, akakisokomeza mdomoni mwa mtutu, akalitundika gobore kibandani. Felista alishamsikia baba akisema kwamba mtutu ukiziba, baruti hupasua chuma na kumwua mpigaji.

"Anataka kumwua baba!" alijisemea.

Amuulize fundi? Thubutu! Amwambie baba? Ataulizwa alikuwa anachungulia nini uani kwa watu. Basi kesho yake, Alute alipokwenda kwenye kazi ya pamoja, Felista aliingia kibandani, akachomoa kijiti, akakitupa vichakani. Akaenda zake anajiona shujaa.

Alasiri hiyo hiyo nguruwe walivamia mtama. Mughwai alikimbia kwa fundi, asimkute. Alipoona gobore halina kijiti, akalitwaa, akashindilia baruti na risasi, akakimbilia shambani. Alikuwa anapanda dungu gobore lilipofyatuka lenyewe. Risasi ikamchana bega.

Felista alipomwona baba anarudi, shati limelowa damu, alimkimbilia akilia.

Asubuhi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Balozi wa nyumba kumi, Anselm, alimsimamisha fundi katikati.

"Arudi Rungwa!" mtu alipaza sauti. "Amekuja kutumaliza!"

"Nilimwambia Mughwai," Alute alisema taratibu. "Gobore lenye kijiti mdomoni halijaisha, lisiguswe. Kijiti kikitoka, nimemaliza. Kule kwetu mafundi ndivyo tunavyofanya. Lile jino linaloshika nyundo ya gobore nilikuwa nimelichonga nusu tu, lingeweza kuachia wakati wowote."

"Ni kweli aliniambia," Mughwai alisema, bega limefungwa kitambaa. "Lakini kijiti sikukiona."

Watu waliguna. Hata mke wa fundi alianza kulia, maana aliona wanafukuzwa.

"Ndugu Alute," balozi alisema, "itabidi ufungashe vyombo."

Felista alikuwa amesimama kati ya watu hao. Kunyamaza kulikuwa rahisi, hakuna aliyemwona. Lakini mzee wa watu alikuwa anafukuzwa kwa kosa lake yeye.

"Ni mimi!" alisema huku machozi yanamtoka. "Nilikichomoa mimi. Nilimwona anatia maji, halafu anaziba mtutu. Nikajua anataka upasuke, umwue baba."

Waliopiga kelele wakaanza kutazama miguu yao.

"Maji yale, mwanangu, nilikuwa nalowesha baruti iliyosalia ndani," Alute alisema. "Sigusi kifyatulio kabla sijahakikisha gobore ni tupu."

Balozi alimwomba fundi radhi mbele ya wote, na Mughwai akampa mkono. Baada ya siku chache kazi ilikwisha. Alute aliwasimamisha watu wote nyuma yake, akakilenga kibuyu kilichowekwa mbele ya kichuguu, akapiga, akakikosa, akagonga kidogo kile chuma cha kulengea kilichoko mbele ya mtutu, akapiga tena. Mara ya tatu kibuyu kikapasuka.

Mughwai alimgeukia binti yake. "Felista, ulifanya kwa kunipenda, najua. Lakini ulimshuku mtu, ukaficha shaka yako, ukaenda kugusa kitu usichokijua. Ungeuliza swali moja tu, nisingeumia, wala mzee huyu asingetukanwa mbele ya mkewe. Silaha haiguswi na mtoto, hata awe na nia njema namna gani. Na mtu ukimtilia shaka, kamuulize mwenyewe au mwambie mkubwa."

Felista alipiga magoti mbele ya fundi. "Nisamehe, mzee wangu."

"Inuka," Alute alisema. "Na mimi nilikosa, kuacha kitu cha hatari kwenye kibanda kisicho na kufuli. Leo natia. Ila wewe, siku nyingine ukitaka kujua ninafanya nini, usichungulie. Piga hodi, nitakukaribisha."