Nyuzi Nene za Nanyama

"Nipe nyuzi za gitaa nene kuliko zote," Nanyama alimwambia mwenye duka, "na ule wa besi unipe mbili."

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini na saba, na duka la gramafoni mjini Nakuru lilikuwa limejaa watu. Wanaume wote waligeuka kumtazama msichana mwenye gauni la zambarau na viatu vyeupe. Mwenye duka akamwekea nyuzi nyembamba. Eti ndizo za akina dada!

"Nimesema nene."

"Zitakukata vidole, dada," akasema kijana mmoja mrefu, suruali yake ya kaki imenyooshwa kwa pasi.

"Vidole ni vyako?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na hapo Nanyama akamtazama vizuri. Alikuwa Dalmas Owuor, seremala wa reli. Alimsindikiza hadi kwao, njiani akimuuliza maswali.

"Besi mbili za nini?"

"Sauti yangu ni nzito, kwa hivyo gitaa nalishusha linifuate. Uzi mwembamba ukiulegeza unachapa mbao ovyo. Mnene unabaki umekaza kiasi. Besi ya pili ni ya akiba."

"Basi nitakuita Mama Besi."

"Niite uone!"

Alimwita hivyo miezi minne mizima, naye akaitika kwa raha.

Kisha Micah, mkuu wa bendi ya ukumbi wa reli, akakubali shingo upande Nanyama apige nyimbo tatu. Kwa Micah, kazi ya mwanamke ilikuwa kuimba tu. Akipiga vizuri, angeingia kwenye bendi. Asubuhi ya siku hiyo Nanyama aliacha gitaa kwa Dalmas, akaenda kazini kwenye dobi ya hospitali.

Na Dalmas, bila kuulizwa na mtu, akaona gitaa limeshushwa sauti mno. Akalipandisha lilingane na la Micah, mpenzi wake asije akachekwa. Nyuzi nene zile, ukizikaza hivyo, zinavuta kama ng'ombe wa jembe. Kibao kinachozishika kiling'oka. Akakibandika kwa gundi, akazilegeza tena, akanyamaza.

Jioni ile jukwaani, gundi iliachia katikati ya wimbo wa kwanza.

"Si nilisema?" Micah alipaza sauti. "Mwanamke hajui nyuzi!"

Ukumbi mzima ukacheka. Dalmas alikuwa safu ya mbele, anatazama viatu vyake. Seremala mzima!

Nanyama aliiona gundi mbichi usiku ule ule, wala hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Jumatatu Dalmas alipiga simu hospitali.

"Mpenzi, nilitaka kukusaidia."

"Nani alikuomba?"

"Nitakununulia lingine, Mama Besi."

"Usiniite hivyo! Gitaa ningelisamehe, Dalmas. Lakini ulikaa pale ukanisikiliza nikitukanwa, na jibu unalo mdomoni. Kaliseme palepale, mbele ya watu walewale. Ukishindwa, usipige simu hapa tena."

Akakata simu.

Wiki mbili alimkasirikia, na alikuwa na haki. Alimlipa fundi mwingine akatengeneza gitaa, akafunga nyuzi zilezile nene. Jumamosi ya pili alilibeba hadi ukumbini, kwa sababu Dalmas alikuwa ametuma ujumbe aje.

Alimkuta amepanda jukwaani, bendi imenyamaza.

"Gitaa la Nanyama nililivunja mimi," Dalmas alisema, jasho likimtoka. "Nyuzi alichagua sawasawa. Mimi nilizikaza bila ruhusa, kisha nikaficha. Mlimcheka bure. Mtu wa kuchekwa nilikuwa mimi."

"Shuka, bwana!" Micah akafoka.

"Sijamaliza. Micah, ulimwahidi nyimbo tatu, na hajapiga hata moja ikaisha." Akamwona Nanyama mlangoni, koti jeupe, gitaa begani. "Na wewe Nanyama, kama bado unanitaka, nataka kukuoa."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nanyama alipita katikati ya watu taratibu, akapanda ngazi, akasimama mbele yake. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini hasira ilikuwa haijamwisha.

"Nimekusikia, Dalmas," akasema. "Sasa shuka. Umesimama mahali pangu."

Akapiga nyimbo zote tatu.