Tiketi ya Mwaka Mzima

"Watu wazima wanne, na mtoto mmoja bure. Pauni hamsini na sita," alisema bibi wa mapokezi mlangoni mwa kanisa kuu.

"Hamsini na sita!" Bi Enid akashika kifua. "Tunalinunua kanisa au tunaliangalia?"

Lorna alikuwa ameshafungua pochi. Safari hii ya Lincoln ilikuwa yake. Ilikuwa miaka kumi na saba ya ndoa, na tangu majira ya baridi mumewe Nigel alikuwa akimpa mgongo kitandani na majibu ya neno moja mezani. Kaamka alfajiri, kafunga sandwichi, kajaza chupa ya chai, kamchukua mama mkwe wake Bi Enid na mdogo wake Tamsin, huku akisema moyoni: leo namrudisha mume wangu, au basi tena.

"Rudisha pochi," Nigel alisema. "Wawili tayari tuna..."

Mkono wa bahili hufanya kazi kabla ya kichwa. Alikuwa ameshachomoa kadi na kuiweka mezani, na alipotaka kuinyakua, yule bibi alishaishika. Kibandiko kifuani kilimtaja: Beryl.

"Tiketi ya mwaka mzima! Umefanya vizuri kuitunza, wengi huzitupa. Bwana na Bibi Pettifer, mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu?" Lorna akacheka kidogo. "Sisi hatujawahi kufika hapa. Mwezi wa tatu ulikuwa Leeds, Nigel, kwenye semina."

"Itakuwa kosa la mashine."

Hapo ndipo Tamsin alipotokea kutoka chooni, anajifuta mikono kwenye suruali.

"Haa! Bibi Pettifer mwenyewe!" Beryl akainuka kitini. "Kifundo cha mguu kimepona? Ulivyoteleza kwenye ngazi za mnara nilidhani umevunjika. Na bwana alivyokubeba mgongoni! Sisi wote hapa tulisema, wanaume kama hawa wamekwisha duniani."

Tamsin akaganda.

Kifundo hicho Lorna alikijua. Wiki mbili Tamsin alilala kwenye sofa yake, eti kateleza kazini, na Lorna akimpikia supu, akimkanda kwa barafu, akimfunga bendeji asubuhi na jioni. Kumbe alikuwa akiuguza uzinzi wa mumewe kwa mikono yake mwenyewe.

Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mlangoni. Watu walishaanza kukohoa kwa adabu.

"Na huyu dada ni nani?" Beryl akamgeukia Lorna, tabasamu limemjaa usoni.

Lorna akamtazama mumewe. Hata sekunde ile alikuwa bado tayari kumsamehe. Angesema tu "mke wangu", hata kwa kunong'ona, wangekwenda kulia nyumbani na kuvunja sahani zote, lakini nyumba ingebaki.

Nigel akatazama foleni. Akatazama viatu vyake.

"Shemeji yangu," alisema. "Dada wa mke wangu."

"Baba!" Imogen, binti yao wa miaka kumi na mitatu, alipaza sauti.

"Nyamaza wewe, watu wanatutazama," bibi yake akamkata.

Lorna akatoa pauni kumi na nne, akajilipia, akaingia. Wakamfuata mpaka nyuma ya nguzo, pasipo na watu.

"Lorna, nisikilize. Foleni ilikuwa ndefu, yule bibi wa mapokezi alishaanza kusema, ningemuaibisha..."

"Ukaona bora uniaibishe mimi."

"Ulitaka nifanye fujo kanisani?"

"Dada," Tamsin akasema kwa sauti ndogo, "tulipanga kukwambia wiki ijayo. Hatukutaka kukuharibia siku yako."

"Mna huruma sana nyie."

"Afadhali yamewekwa wazi," Bi Enid akadakia. "Mimi tangu Pasaka namwambia mwanangu achague moja. Tamsin anamchekesha. Wewe unajua kupika tu."

"Tangu Pasaka? Mama, Pasaka nilikuwa nakuosha miguu. Umetoka kwenye operesheni, huwezi hata kuinama."

"Na uliniosha vizuri, sikatai."

 Lorna akaufungua mfuko, akatoa lile boksi la sandwichi, akamkabidhi mdogo wake.

"Mpe kabla ya saa saba. Akichelewa kula, kiungulia humsumbua. Na usimwekee haradali hata akiomba."

"Lorna, usifanye hivi," Nigel akasema. "Lete ufunguo wa gari, twende nyumbani tukazungumze."

"Gari ni langu. Na nyumbani kwa nani? Shemeji hulala kwake." Akamshika Imogen mkono. "Twende."

"Na sisi turudi na nini?" Bi Enid akamaka.

"Treni ipo. Mnabadilishia Sheffield."

Walikuwa wameshauacha mji nyuma simu ilipolia mlio wa meseji. Lorna alikuwa anaendesha, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Alikuwa bado anampenda yule mtu, na hiyo ndiyo aibu iliyomuuma kuliko zote.

"Nisomee," alisema.

Imogen akasoma: "Lorna, treni ijayo ni baada ya saa mbili nzima. Mama anatetemeka kwa baridi. Nilibabaika tu. Wewe ndiye mke wangu, unajua hivyo. Nakuomba ugeuze gari."

 Wakapita kituo cha mafuta, wakapita njia ya kugeuzia.

"Mjibu," Lorna alisema.

"Nimwambie nini?"

"Andika hivi: Pole, shemeji. Msalimie mke wako."

"Mama, ni baba huyo."

"Andika."

Imogen akaandika neno moja moja, akatuma. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha, akalia kwa sauti, na mama yake hakusimamisha gari.